Dudley Moore: mchekeshaji aliyekuwa mpiga piano kwelikweli. Tumfungue kiufundi

FunguoNyeusi (Arusha)
Wakuu salaam. Dudley Moore alifariki Machi 27, 2002, na kila tarehe hiyo ikikaribia watu wanarusha vile vipande vyake vya filamu: yule tajiri mlevi, yule mtunzi wa nyimbo aliyepagawa na mrembo wa ufukweni. Vinachekesha, sina ugomvi navyo. Ila humu ndani tuna wapiga vinanda wa sharika za Moshi, wapiga kibodi wa hoteli za hapa Arusha na walimu wa kwaya. Naomba uzi huu uwe wa vidole vyake.

Kwa asiyemjua: alizaliwa London, Aprili 19, 1935, akakulia Dagenham, eneo la wafanyakazi, mtoto wa fundi umeme wa reli. Alizaliwa na miguu iliyopinda. Wa kulia ulirekebishika, wa kushoto ukabaki mfupi na mwembamba. Urefu wake haukufika sentimita 160. Akiwa na miaka 11 alikuwa anasoma Guildhall School of Music kila Jumamosi, baadaye akapata udhamini wa mpiga kinanda wa kanisa la chuo, Magdalen College, Oxford. Akatoka na shahada mbili za muziki. Kwa hiyo tusimweke kwenye fungu la wachekeshaji "wanaojua kupiga kidogo".

Hoja yangu: alichekesha kwenye piano kwa sababu hakukosea. Wengine wanabonyeza noti mbovu na kukunja sura. Yeye kila noti ilikuwa halali, ila imevaa suti kwenye shamba la migomba.

Meku_wa_Kibosho
Weka nyama mkuu. Halali kivipi?

FunguoNyeusi
Tuchukue kile kichekesho chake cha Beethoven. Kilikuwa kwenye onyesho la Beyond the Fringe, lililoanzia Edinburgh Agosti 1960, vijana wanne: yeye, Peter Cook, Alan Bennett na Jonathan Miller. Anakaa kwenye piano, anapiga sonata nzito ya Beethoven. Baada ya sekunde chache unagundua wimbo uliomo ni Colonel Bogey, ile machi ya jeshi la Uingereza ya mwaka 1914, inayopigwa mluzi kwenye filamu ya daraja la mto Kwai.

Jambo la kwanza ambalo wengi hawalijui: wakati wa vita askari na watoto wa Uingereza waliitungia machi ile maneno machafu ya kumkejeli Hitler. Kwa hiyo Dudley anapiga piano tu, mdomo umefunga, na ukumbi mzima unasikia matusi kichwani. Nusu ya kicheko imeshalipwa na wasikilizaji wenyewe. Ukitaka kuijaribu hapa kwetu, chagua wimbo ambao kila aliyesoma shule ya msingi anaujua kwa maneno yake halisi na kwa yale ya utundu ya nyuma ya darasa. Wimbo mzuri usio na toleo la utundu hautakufikisha popote.

Pili, wimbo wenyewe uanze na alama fupi inayotambulika. Colonel Bogey inaanza na *so mi*, inashuka. Noti mbili, basi. Beethoven naye alipenda kujenga jengo zima juu ya kokoto (kumbuka noti nne za mwanzo wa Simfoni ya Tano), ndiyo maana kanzu inamkaa sawasawa. Wimbo unaohitaji baa nne ndipo utambulike haufai. Hautakatika vipande.

Sasa ushonaji. Mimi naufundisha hivi, kwa solfa, maana wengi wetu tumelelewa na solfa:

Utangulizi baa 4, maina (ule mlio wa huzuni), polepole, kodi nzito (noti kadhaa kwa pamoja, siyo kodi za TRA) mikono yote, kisha kimya cha mapigo mawili. Usitoe wimbo bado. Toa zile noti mbili tu, chini kabisa, mkono wa kushoto.

Kisha mbio. Mkono wa kushoto utetemeshe okteva, kidole cha tano na gumba vikipokezana. Kulia wimbo unaingia baa 8, mara ya pili juu okteva moja. Hapa weka vituko vya Beethoven vyenyewe: sauti inakua, inakua, na pale inapotakiwa kulipuka inakuwa ndogo ghafla. Mkazo uangukie pigo la pili au la nne, usiangukie la kwanza.

Katikati weka fugo ya uongo. Mkono mmoja unaanza wimbo peke yake, baa 2, wa pili unaingia nao kuanzia *so*, wa kwanza unaendelea na vijinoti vya kujaza. Sauti mbili zinatosha. Ukijitia sauti tatu vidole vitajifunga na watu wataona unahangaika kikweli, wakuonee huruma badala ya kucheka.

Mwisho nauacha kwa sasa, ni somo peke yake.

ChaliiNgarenaro
Arifu huyu anashusha nondo. Nimeweka kambi.

MwlTena_Majengo (Moshi)
Shikamoo mwalimu FunguoNyeusi. Naongeza upande wa sauti. Kwenye onyesho hilohilo aliimba wimbo wa watoto wa Kiingereza wa binti aliyetishwa na buibui, kwa mtindo wa mtunzi Mwingereza Benjamin Britten na sauti ya Peter Pears, mwimbaji wa sauti ya tena aliyekuwa akiimba kazi za Britten. Sikilizeni anavyovuta irabu moja juu ya noti tano sita kwenye neno lisilo na uzito wowote, huku piano inatikisika chini kama vile kuna mtu anazama ziwani. Kwaya zetu zina ugonjwa huohuo: silabi ya mwisho ya "Halleluya" inavutwa mpaka besi wanaishiwa pumzi. Ukitaka kuigiza, vuta silabi isiyo na mkazo. Ukivuta yenye mkazo, unakuwa umeimba vizuri tu na hakuna atakayecheka.

FunguoNyeusi
Marahaba mwalimu. Umeipatia.

Haya, mwisho wa ile sonata. Mwisho haufiki. Anamaliza, haijaisha, anamaliza tena. Anaikejeli tabia ya Beethoven ya kugonga kodi za kufunga bila kuchoka. Ile Simfoni ya Tano inafungwa na baa 29 za Do meja. Ili sikio lisikubali kwamba kazi imeisha, ziko njia tatu, na Dudley alizijua zote:

Ya kwanza, kodi ya *so* yenye saba (so-ti-re-fa) badala ya kwenda *do* inaenda *la* (la-do-mi). Mlango uliofunguliwa ukakuta ukuta.
Ya pili, inaenda *do* kweli, lakini noti ya juu kabisa ni *mi* au *so*. Nyumba imeezekwa, kofia haijakaa.
Ya tatu, inaenda *do*, noti ya juu *do*, kila kitu sawa, ila mkono wa kushoto unaendelea kutembea.

Zipange kwa mfuatano huo, kutoka kosa kubwa kwenda dogo. Mkianza na ya tatu, ya kwanza itaonekana ya kitoto. Na idadi ina maana. Mwisho wa uongo wa pili watu wanatabasamu, wa tatu wanacheka, wa tano wananyamaza wakidhani umepitiliza, wa saba wanaangua. Anayekata tamaa kwenye ule wa tano, kwa sababu ya kile kimya, ameondoka sokoni kabla ya gulio kuchangamka.

Uso: mkavu, makini, kama mtu anayesahihisha mitihani. Mikono ndiyo inayoigiza. Inua viganja juu ya funguo kama mtu aliyemaliza, hesabu moja, mbili, halafu kimoja kishuke chenyewe. Hofu ije machoni kuanzia mwisho wa nne. Ukianza kukodoa macho mapema hubakiwi na akiba.

Meku_wa_Kibosho
Kibodi ya kigangoni ina funguo 61. Inawezekana?

FundiSakina
Inawezekana, kwa masharti. Funguo 61 zinaanzia Do iliyo okteva mbili chini ya Do ya kati. Ngurumo ya chini ya piano kubwa ya funguo 88 huna. Shusha okteva moja kwa kitufe cha okteva wakati wa utangulizi, kisha irudishe, na ufanye hivyo ndani ya kile kimya cha mapigo mawili. Muhimu zaidi ni kibodi iwe inahisi nguvu ya kidole. Zile za bei ya chini zinatoa sauti ileile ukigusa au ukipiga ngumi, na hapo ule ujanja wa "inakua halafu inakuwa ndogo" umekufa.

Makosa mawili nayoletewa kila mara. Pedeli kufanya kazi kinyume, yaani sauti inashikilia ukiinua mguu: kibodi nyingi hupima pedeli wakati zinawashwa, kwa hiyo ukiwasha huku mguu uko juu ya pedeli, kibodi inaelewa kinyume. Zima, toa mguu, washa. Chomeka pedeli kabla ya kuwasha pia. La pili ni adapta. Yamaha nyingi ndogo zinatumia volti 12, chanya katikati ya pini. Casio nyingi za zamani ni volti 9 na katikati ni hasi. Adapta ya duka la jumla ikiingia kwenye tundu haimaanishi inafaa. Angalia ule mchoro mdogo wa duara chini ya kibodi kabla ya kuchomeka.

Wenye piano za mbao huko Moshi, masika yakianza funguo zinanata. Usimwage mafuta. Ni kile kitambaa cha sufu kwenye tundu la pini kimevimba kwa unyevu. Toa ubao wa mbele, cheza ufunguo kulia na kushoto uone unapobana. Fundi ana koleo maalumu la kukibana kitambaa kidogo. Mafuta yanakula sufu na kukusanya vumbi, mwakani utakuwa na funguo kumi zinazonata badala ya mbili.

Swingi_Njiro
Mmekaa kwa Beethoven tu, jamani. Riziki ya Dudley kabla ya filamu ilikuwa jazi. Alipiga na bendi ya John Dankworth, kisha akawa na watu wake watatu: yeye, Pete McGurk kwenye besi, Chris Karan kwenye drams, wakipiga kwenye klabu ya Cook pale Soho. Na mwalimu wake kwa masikio alikuwa Erroll Garner, mpiga piano wa jazi wa Marekani. Ukimjua Garner, umemfungua Dudley nusu.

Mkono wa kushoto wa Garner ni gitaa la ridhim. Wazee wa muziki wa dansi watanielewa mara moja. Kodi ya noti 3 au 4, inapigwa mara nne kwa baa, kwenye pigo kabisa, fupi, imekwaruzwa kidogo kutoka chini kwenda juu. Ikae kati ya Do iliyo chini ya Do ya kati na Mi iliyo juu yake. Ukishuka zaidi inakuwa tope na besi atakununia. Mkono wa kulia unachelewa. Haukimbii na kushoto, unakuja nyuma yake kidogo, kama mtu anayetembea na mzee huku anapiga soga.

Zoezi: metronomu (kile kipima mwendo) mapigo 92 kwa dakika. Dakika mbili za kwanza mkono wa kushoto peke yake, mpaka uweze kuongea huku unapiga. Kama huwezi kuongea, hujafika. Kisha kulia iingie na noti moja tu kwa baa, ichelewe. Kisha noti mbili. Kosa la kila anayeanza ni kuchelewesha mikono yote miwili. Hapo hujapiga swingi, umepunguza mwendo tu, na mpiga drams atakuvuta kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Jirekodi kwa simu, sikiliza mkono wa kushoto peke yake na metronomu. Ukiwa unatangulia au kubaki, rudi mwanzo.

Dudley aliongeza jambo lake: ucheshi kwenye sauti ndogo. Anapiga kodi nene okteva nzima, kelele, halafu anajibu na vijinoti viwili juu kabisa, kama mtoto anayechungulia nyuma ya pazia.

MzeeWaKambi
Nitapingwa lakini nasema. Kichwa kilikuwa Peter Cook. Dudley alikuwa anacheka tu pembeni.

FunguoNyeusi
Cook aliandika sehemu kubwa, hilo halina ubishi. Lakini "kucheka tu pembeni", Mzee wangu, ni kazi. Kwenye Not Only... But Also ya BBC, 1965 hadi 1970, walikuwa wanakaa wawili, kofia bapa na makoti ya mvua, wanaongea upuuzi kwa sauti ya watu wenye elimu ya redio. Tazama kile kichekesho cha kwenye jumba la maonyesho ya michoro, wanakula sandwichi. Cook anaongeza maneno ambayo hayakupangwa, makusudi, ili Dudley aanguke. Dudley anajaza mkate mdomoni kuziba kicheko, na mkate ndio unaomsaliti. Mtazamaji hapo hacheki maneno ya Cook pekee. Anacheka mtu anayepigana na kicheko chake na kushindwa.

Hili haliigizwi. Kicheko cha kubana kinaanzia mabegani na puani. Cha kuigiza kinaanzia mdomoni, na mtu wa kiti cha nyuma anaona. Kwa wa kwetu, tazameni marehemu Mzee Majuto anavyosubiri kabla ya kujibu. Mtu aliye mbele yake ndiye anayekuonyesha jibu limekaa wapi.

Inauma kwamba BBC ilifuta kanda nyingi za kipindi hicho. Kanda za video zilikuwa ghali, zikarekodiwa juu yake.

MzeeWaKambi
Nimekuelewa. Cook bado kichwa.

ChaliiNgarenaro
😂😂 Na kwenye ulevi je? Ile ya Arthur, 1981, aliyoteuliwa kugombea Oscar.

MwlTena_Majengo
Oscar ile alichukua Henry Fonda. Siri ya ulevi wake ni ya zamani kwenye jukwaa: mlevi haigizi ulevi, anaigiza kutokulewa. Anatembea kwa uangalifu kupita kiasi. Anaishika glasi kama yai. Sentensi inaanza safi, inateleza mwishoni, naye anairudia polepole kwa heshima. Vijana wa maigizo ya sherehe wanaanza na kuyumba mlangoni. Baada ya dakika moja hawana pa kwenda. Kicheko cha Arthur, ule mkwaruzo wa ghafla, kinakuja *kabla* ya mzaha wake mwenyewe. Amejichekesha kichwani, sisi tunapewa habari baadaye.

Kwenye ile filamu nyingine ya 1979, iitwayo "10", ile ya mrembo wa ufukweni, alikuwa mtunzi wa nyimbo, na anapokaa kwenye piano ya baa, hakuna kamera ya kukwepa mikono. Uso na vidole viko kwenye picha moja.

SistaWaShanti (Moshi)
Naomba niongelee mwisho wake, kwa sababu watu wengi walimsema vibaya. Miaka ya tisini alianza kusahau maneno ya kuigiza, kutembea kwa kuyumba, ulimi mzito. Wakasema kalewa. Septemba 1999 ikatangazwa kwamba ana ugonjwa unaofupishwa PSP. Seli za ubongo zinazoongoza macho, mizani ya mwili, kusema na kumeza zinakufa taratibu. Hauambukizi, haupimwi kwa damu, na hauna tiba ya kuusimamisha.

Unafananishwa sana na Parkinson, ila kuna tofauti za kuangalia. Mgonjwa anaanguka mapema, mara nyingi chali, bila kujikwaa. Macho yanashindwa kushuka chini: ngazi anazikosa, sahani haioni ingawa iko mbele yake. Mtetemeko wa mkono si kawaida. Na dawa ya levodopa inayosaidia Parkinson, hapa inasaidia kidogo au haisaidii. Mfikirieni mpiga piano, ambaye macho yanapanda kwenye karatasi na kushuka kwenye funguo mamia ya mara kwa saa.

Kwa anayemuuguza mtu wa namna hiyo nyumbani: asibebe kitu kwa mikono miwili anapotembea. Sahani ya chakula iinuliwe, iwekwe juu ya kitu, ifike usawa wa macho. Ale amekaa wima, kidevu kimeshuka kidogo, na abaki amekaa nusu saa baada ya kula. Maji matupu ni hatari kuliko uji mzito au mtori, kwa sababu yanakimbia koo kabla halijajifunga na kuingia mapafuni. Dudley aliondoka kwa nimonia, na kwa ugonjwa huu ndiyo njia inayoonekana mara nyingi. Akikohoa kila anapokunywa, msingoje. Apelekwe apimwe kumeza.

Swingi_Njiro
Asante Sista. Sikujua hilo la macho.

Meku_wa_Kibosho
Swali la mwisho. Nina mwanafunzi wa miaka 12, mguu wa kushoto mfupi kama wake. Anapiga vizuri ila anachoka mgongo. Dudley alikuwa anafanyaje na pedeli?

FunguoNyeusi
Kwenye piano bahati ilikuwa upande wake. Pedeli inayofanya kazi muda wote ni ya kulia, na mguu wa kulia ndio uliorekebishika. Ya kushoto inapunguza sauti tu, haiguswi sana. Kinanda cha kanisa ndicho kigumu, kwa sababu miguu yote miwili inapiga noti, kisigino na vidole, na bado alipata nafasi ya Oxford kwa kinanda hichohicho.

Kwa mwanafunzi wako, mgongo unachoka kwa sababu mguu wa kushoto unaning'inia na kiuno kinainama kuufuata. Mkalishe mbele ya kiti, nusu ya kiti tu, viwiko usawa wa funguo au juu kidogo. Pima pengo kati ya kisigino cha kushoto na sakafu akiwa amekaa sawa. Chonga kibao cha unene huohuo, sentimita 30 kwa 20 kinatosha, bandika raba ya ndala chini yake kisiteleze, kikae nyuma kidogo ya pedeli ya kushoto. Usiweke kibao chini ya mguu wa kulia hata kama nao haufiki vizuri. Kisigino kikipanda, pembe ya pedeli inabadilika na ataanza kuikanyaga kwa nguvu za paja. Kama wa kulia haufiki, shusha kiti, kisha upime upya kibao cha kushoto. Na kipime kila miezi minne mitano, maana miaka 12 mtoto anarefuka kama mgomba.

Meku_wa_Kibosho
Raba ya ndala ipo. Kesho naenda kwa seremala.